Jengo Hubaki, Nani Hurudi? Historia ya Matumizi Mapya ya Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, 1914–2024

Utangulizi

Eneo linalozunguka Barabara ya Msimbazi, katikati ya Dar es Salaam, halina sifa ya kutunza majengo yake ya zamani. Nyumba za Kiswahili zilizolitambulisha kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini zimebomolewa moja baada ya nyingine, na mahali pake yamesimama maghorofa ya maduka, stoo na nyumba za wageni. Katikati ya mabadiliko hayo, Soko la Kariakoo limeendelea kuwapo mahali pale pale kwa takriban karne moja. Uendelevu huo haukutokana na kuhifadhiwa kwa jengo moja. Mahali hapo pamekuwa na jengo la utawala wa Wajerumani, kambi ya wapagazi wa vita, soko la wakati wa Waingereza, soko la zege la taifa huru, na baada ya moto wa Julai 2021, eneo la ujenzi.

Makala haya yanafuatilia namna jengo la Kariakoo lilivyopewa uhai mpya mara kwa mara, na yanahoji ni nani aliyeufaidi uhai huo kila ulipopatikana. Hoja kuu ni kwamba katika kila badiliko dola imeamua hatima ya jengo, lakini uhai wa jengo umeletwa na watu wa mtaa: wapagazi, wauza mazao, madalali, mama lishe na wasukuma mikokoteni. Uhifadhi unaopima kuta bila kupima haki za watu hao huokoa ganda na kupoteza kilichomo. Kwa upande mwingine, tukio la Novemba 2024, ambapo jengo la biashara la Kariakoo liliporomoka na kuua watu, linaonyesha kwamba matumizi yasiyojali uimara wa jengo nayo huangamiza watu wale wale. Pande hizi mbili hazijawahi kushughulikiwa kwa pamoja katika historia ya soko hili.

Istilahi "jengo la kiviwanda" inatumika hapa kwa maana pana kidogo. Kariakoo haikuwa na mitambo ya kusokota nyuzi wala ya kutengeneza bia. Hata hivyo, jengo la miaka ya 1970 lilibuniwa kwa mantiki ya kiwanda: mzigo uingie upande mmoja, upangwe, ugawanywe, utoke upande mwingine ukiwa umebadilika kutoka magunia ya jumla kuwa mafungu ya rejareja. Kulisoma jengo hilo kama chombo cha kazi husaidia kueleza kwa nini ukarabati wake si suala la sura yake peke yake.

Kutoka maadhimisho hadi kambi

Mpango wa ujenzi wa Dar es Salaam uliotolewa na Wajerumani mwaka 1891 uliugawa mji katika kanda tatu kulingana na aina ya nyumba zilizoruhusiwa. Kuelekea mwisho wa utawala wao, ardhi ya shamba lililokuwa magharibi ya mji ilipimwa kwa mitaa iliyonyooka, ili Waafrika waliokuwa wakiishi karibu na bandari wahamishiwe huko. Hapo ndipo lilipojengwa jengo ambalo, kwa mujibu wa simulizi rasmi ya soko, lilikusudiwa kwa maadhimisho ya utawala wa Kaiser Wilhelm II. Mwaka 1914 ulikuwa na sababu nyingine pia ya sherehe kwa watawala hao. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwezi Februari, na maonyesho makubwa ya koloni yalipangwa kufanyika Dar es Salaam mwezi Agosti. Mwezi huohuo vita vilianza Ulaya, na maonyesho hayakufanyika.

Waingereza waliuteka mji mwezi Septemba 1916. Eneo hilo liligeuzwa kambi ya kikosi cha wapagazi, ambacho jina lake rasmi lilikuwa Carrier Corps. Wenyeji walilitamka jina hilo kwa namna yao, na Kariakoo likazaliwa. Nairobi nako mtaa wa Kariokor ulipata jina kwa njia hiyohiyo. Ni muhimu kukumbuka kazi iliyobebwa na jina hilo. Jeshi la Waingereza lilipigana katika nchi ambayo mbung'o waliua wanyama wa mizigo na mvua iliharibu njia za magari. Chakula, risasi na dawa vilibebwa kichwani. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi.

Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927 katikati ya mji, inawataja wapagazi katika maandishi yake, lakini umbo lililosimama juu ni la askari mwenye bunduki. Wapagazi hawakupewa umbo. Walichoachiwa ni jina la mtaa, na jina hilo limedumu kuliko jengo lililowahifadhi. Kwa mwanahistoria wa majengo, hili ni fundisho la awali: kumbukumbu ya kazi inaweza kukaa katika matumizi na matamshi ya watu hata pale ambapo hakuna aliyeona haja ya kuitunza kwa mawe.

Soko la Uswahilini

Mwaka 1923 jengo hilo lilianza kutumika kama soko. Uamuzi huo ulikwenda sambamba na utekelezaji wa mgawanyo wa kanda chini ya Waingereza, uliotenga Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, huku Mnazi Mmoja ukiachwa kuwa uwanja wa wazi kati ya Kariakoo na eneo la biashara. Soko liliwekwa ndani ya kanda ya Waafrika, na kwa hiyo likawa sehemu ya utaratibu wa ubaguzi. Lakini watu waliolizunguka walilifanya kuwa zaidi ya hapo.

Nyumba ya Kiswahili ilichangia sana katika jambo hili. Muundo wake wa ukumbi wa katikati, vyumba pande zote mbili na ua wa nyuma uliruhusu mwenye nyumba kuishi chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Baraza la mbele likawa mahali pa kuuzia maandazi, mkaa au nazi. Uchunguzi wa J. A. K. Leslie kuhusu Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 1963, unaonyesha mji ambao wakazi wengi walikuwa wapangaji wa vyumba. Kwa mgeni aliyetoka bara kwa treni, chumba cha Kariakoo kilikuwa makazi, na soko la jirani lilikuwa mahali pa kuanzia kazi bila mtaji mkubwa. Jengo na mtaa vilitegemeana: soko lilileta wapangaji, na wapangaji walilipatia soko wachuuzi, wabebaji na wanunuzi.

Badiliko hili la kwanza, kutoka jengo la fahari ya kifalme hadi soko la mboga, halikuongozwa na nadharia yoyote ya uhifadhi. Lilifanikiwa kwa sababu jengo lilipata matumizi ambayo majirani waliyahitaji kila siku.

Jengo la Amuli

Baada ya uhuru, soko la zamani lilizidiwa na ukubwa wa mji. Serikali iliamua kulibomoa na kujenga jipya, na kazi ya usanifu ikapewa Beda Amuli. Amuli, aliyesoma Haifa nchini Israeli na kufariki mwaka 2016, anatambuliwa kuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza katika Afrika Mashariki kufungua ofisi yao wenyewe ya usanifu majengo. Ujenzi ulifanyika katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970, na Rais Julius Nyerere alilifungua soko mwezi Desemba 1975. Shirika la Masoko ya Kariakoo liliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1974 ili kulisimamia.

Jengo hilo lilipangwa kwa ngazi. Sehemu iliyo chini ya ardhi, ambayo watumiaji wake waliiita shimoni, ilipokea mizigo na kufanyia biashara ya jumla. Sakafu ya usawa wa barabara ilikuwa ya rejareja ya vyakula. Sehemu ya juu ilikuwa na maduka, yakiwamo ya mbegu, pembejeo na zana za kilimo. Juu ya yote Amuli aliweka paa la zege lenye maumbo kama miavuli iliyogeuzwa juu chini, iliyobebwa na nguzo. Miavuli hiyo ilikusanya maji ya mvua na kuyashusha kwenye matangi yaliyo chini, na nafasi kati yake zilipitisha hewa na mwanga. Katika mji wa joto na unyevu kama Dar es Salaam, jengo lilijipoza bila mashine.

Kwa mtazamo wa makala haya, jambo la kuzingatia ni kwamba kila kipengele cha usanifu huo kilikuwa pia kipengele cha mgawanyo wa kazi. Shimoni palihitaji wabebaji. Sakafu ya kati ilihitaji wachuuzi wenye vizimba na meza. Ghorofa ya juu iliunganisha mji na mashamba, kwani mkulima aliyeleta mazao chini aliweza kununua mbegu juu. Paa lisingeeleweka bila mkusanyiko wa watu na mazao uliohitaji hewa. Kuondoa mojawapo ya makundi hayo ni sawa na kuondoa sehemu ya mtambo.

Hata hivyo, badiliko hili la pili lilikuwa na gharama yake. Jengo la kwanza lilitoweka, na pamoja nalo alama pekee ya kimwili ya kambi ya wapagazi. Taifa changa lilichagua kuonyesha uwezo wake kwa zege jipya, kwa mkono wa msanifu wake mwenyewe. Chaguo hilo linaeleweka katika muktadha wake. Linaonyesha pia kwamba swali la nini kihifadhiwe hujibiwa na kila kizazi kwa kadiri ya kile kinachotaka kujithibitishia.

Ruksa na mtaa unaopanda juu

Soko la Amuli lilifunguliwa katika kipindi ambacho biashara ya mtu binafsi ilitazamwa kwa mashaka. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ilifunga maduka mengi ya watu binafsi, na mwaka 1983 kampeni ya Nguvu Kazi iliwalenga wakazi wa mijini waliohesabiwa kuwa hawana kazi halali. Mtu asiye na karatasi ya kuthibitisha kazi yake alikuwa katika hatari, hata kama kazi hiyo ndiyo iliyolisha mji.

Ulegezaji wa masharti ya biashara kuanzia mwaka 1984, na baadaye enzi ya Rais Ali Hassan Mwinyi iliyojulikana kwa neno "ruksa", uligeuza hali. Nguo, vyombo, vifaa vya umeme na bidhaa nyingine za nje zilijaa Kariakoo. Masoko mengine, kama Ilala, Temeke na Mabibo, yalichukua sehemu kubwa ya biashara ya jumla ya mazao. Kariakoo ikawa kitovu cha bidhaa za viwandani kwa wanunuzi kutoka mikoani na nchi jirani. Thamani ya kiwanja ilipanda kiasi kwamba nyumba ya Kiswahili haikuweza tena kushindana na ghorofa. Wenye nyumba wengi waliuza au waliingia ubia na wawekezaji, na wapangaji wa vyumba wakasogea pembezoni mwa mji.

Hivyo jengo la Amuli, lililokuwa kubwa kuliko vyote lilipofunguliwa, likazungukwa na maghorofa yaliyolipita kwa urefu. Uhusiano wa awali kati ya soko na makazi ulilegea. Uhusiano wa soko na riziki, kinyume chake, uliimarika: maelfu ya watu walioondoka kulala Kariakoo waliendelea kurudi kila asubuhi kufanya kazi pale.

Sheria inayoanzia mwaka 1863

Kwa nini jengo la aina hii halikuwa na kinga ya kisheria? Sehemu ya jibu imo katika Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Sheria hiyo inakinga moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baadaye hukingwa pale tu waziri mwenye dhamana anapoyatangaza. Dar es Salaam ilianzishwa na Sultani Majid katika miaka ya 1860. Boma la Kale, mojawapo ya majengo yake ya mwanzo yaliyobaki, ni la takriban mwaka 1866. Kwa maneno mengine, kikomo cha umri kilichowekwa na sheria karibu kinauacha mji mzima nje.

Majengo kadhaa ya katikati ya mji, hasa ya enzi ya Wajerumani yaliyo karibu na bandari, yamepata kinga kwa njia ya tangazo. Boma la Kale lenyewe limekarabatiwa na kuwa kituo cha urithi wa usanifu majengo. Zanzibar imekwenda mbali zaidi: Mji Mkongwe una mamlaka yake ya uhifadhi tangu mwaka 1985, na umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Fikra ya urithi iliyojengeka kwa njia hii imeelekea pwani, kwenye mawe ya matumbawe, milango ya nakshi na ofisi za watawala. Mahali pa kazi pa watu wa kawaida, tena pa zege na pa juzi, pamekuwa pagumu kuonekana kama urithi.

Moto na orodha

Usiku wa Julai 10, 2021, moto uliteketeza sehemu kubwa ya soko kuu. Serikali iliamua kulikarabati jengo la Amuli badala ya kulibomoa, na kujenga jengo jipya la ghorofa mahali pa soko dogo. Mradi huo ulitengewa shilingi zipatazo bilioni 28. Uamuzi wa kuliacha ganda la Amuli lisimame ulikuwa hatua muhimu katika historia ya uhifadhi nchini: kwa mara ya kwanza jengo la kazi la Kariakoo lilipewa uhai mpya bila kufutwa kwanza.

Wafanyabiashara walihamishiwa maeneo mengine ya jiji wakisubiri. Oktoba ya mwaka huohuo, wamachinga waliondolewa katika njia na barabara ambazo hazikutengwa kwa biashara. Kwa miezi michache, makundi mawili yaliyolifanya soko liwe hai, waliokuwa ndani na waliokuwa pembeni mwake, yalikuwa yamesogezwa.

Mgogoro ulijitokeza wakati wa kurudi ulipokaribia. Mwaka 2024, orodha za watakaorejeshwa zilipotolewa, baadhi ya wafanyabiashara waliokuwapo kabla ya moto walilalamika hadharani kwamba majina yao hayakuwamo. Malalamiko hayo yanaweza kuonekana kama suala la utawala tu, lakini yana uzito wa kihistoria. Katika soko, mtu mmoja anaweza kuwa na mkataba wa kizimba, mwingine akakikodi, wa tatu akauza hapo kwa makubaliano ya mdomo, na wa nne akawahudumia wote kwa chakula au kwa kubeba mizigo. Daftari humtambua wa kwanza kwa urahisi. Wa nne, ambaye kazi yake inafanana zaidi na ile iliyolipa eneo jina lake, hamo katika daftari lolote.

Uzoefu wa jirani unathibitisha uzito huo. Machinga Complex ya Ilala, iliyokamilika takriban mwaka 2010 kwa mkopo wa NSSF, ilijengwa mahususi kwa wafanyabiashara wadogo, lakini kwa miaka mingi sehemu zake zilibaki tupu kwa kuwa wateja hawakupanda kuwafuata. Kwa upande mwingine, maghala ya zamani ya Mikocheni yaliyogeuzwa mwaka 2008 kuwa Nafasi Art Space, na ghala la Nairobi lililofunguliwa mwaka 2003 kama The GoDown Arts Centre, yalipata uhai kwa sababu watumiaji wake, yaani wasanii, walishiriki kuyaunda kulingana na kazi zao. Tofauti ni kwamba maghala hayo yalikuwa hayana watu kabla ya kubadilishwa. Kariakoo ilikuwa imejaa.

Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, na Serikali ikaunda kamati ya kukagua majengo ya eneo hilo. Maafa hayo yaliweka wazi upande wa pili wa hoja. Kariakoo kila siku hubadilisha matumizi ya majengo bila kuita jambo hilo uhifadhi: chumba huwa duka, duka huwa stoo, na nafasi mpya hutafutwa juu na chini. Ubunifu huo ndio uliolifanya eneo listawi. Pasipo ukaguzi wa nguzo na msingi, ubunifu huohuo humwangukia mtu aliye dhaifu zaidi, yaani mwajiriwa wa duka au mbebaji ambaye hakuwa na sauti katika uamuzi wa ujenzi.

Hitimisho

Historia ya Soko la Kariakoo inaonyesha njia tatu za kuupa uhai mpya mahali pa kazi. Mwaka 1923 jengo lilihifadhiwa kwa kubadilishiwa matumizi. Katika miaka ya 1970 matumizi yalihifadhiwa kwa kubadilishiwa jengo. Baada ya mwaka 2021 jengo na matumizi vyote vilikusudiwa kubaki, na hapo ndipo swali la watu lilipojitokeza kwa ukali, kwa sababu hapakuwa tena na kisingizio kwamba kila kitu kinaanza upya.

Mambo matatu yanafuata kutokana na uchambuzi huu. La kwanza, daftari la wote wanaofanya kazi ndani ya jengo, wakiwamo wakodishaji wa pili na watoa huduma wasio na vizimba, linapaswa kuandaliwa na kuthibitishwa na wao wenyewe kabla ya ukarabati kuanza. Moto hauwezi kupangiwa tarehe, kwa hiyo daftari hilo linapaswa kuwapo na kuhuishwa wakati wote. La pili, ukaguzi wa uimara unapaswa kuambatana na kila badiliko la matumizi, hata lile linalofanywa na mpangaji mmoja katika chumba kimoja. La tatu, jengo la Amuli linastahili kutangazwa rasmi chini ya Sheria ya Mambo ya Kale, na tangazo hilo liyataje matumizi yake ya soko la watu wote kuwa sehemu ya thamani inayolindwa.

Bila sharti hilo la mwisho, miavuli ya zege inaweza kudumu karne nyingine ikiwa juu ya biashara ambazo mchuuzi wa mchicha hawezi kumudu kodi yake. Wapagazi wa mwaka 1916 waliondoka bila orodha iliyowakumbuka mahali pale, na mtaa ukawatunza kwa jina. Waliofanya kazi shimoni na mezani kabla ya Julai 2021 wengi wao wangali hai, na majina yao bado yanaweza kuandikwa.